Wanaongoja na Jembe Mkononi

Mwezi wa Novemba, mvua zikishashika sawasawa, watoto wa Kaisho hawakubali kulala mapema. Wanangoja senene. Hakuna mzee awezaye kuwaambia watashuka usiku gani. Anachojua ni majira tu: ardhi imelowa, mwezi wenyewe ni huu, na mtu fulani katoka kilima cha pili akisema jana waliwaona wachache kwenye taa ya duka. Basi ndoo zinaoshwa, chupa zinatafutwa, taa inaachwa ikiwaka nje, na mdudu yeyote akigonga bati watoto wote wanaruka. Usiku huo wa kungoja, hata senene wasiposhuka, hauwi usiku wa huzuni. Watoto wanacheka, wanasimuliana ya mwaka jana, wanagombea ndoo kubwa. Wamekwisha kuonja senene. Wanajua ladha ya kitu wanachokingoja. Ndiyo maana hawachoki.

Nimewaanzia huko, wajukuu zangu, kwa sababu senene wakiwa bado wanaruka, makanisa yetu huingia Majilio. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na Jumapili nne hufuatana mpaka Krismasi. Wakatoliki wa Jimbo la Kayanga, Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe, Waanglikana wa Dayosisi ya Kagera, wote hutandika kitambaa cha zambarau madhabahuni. Wengi wenu mnadhani Majilio ni ngazi tu ya kupandia kwenda Krismasi, kwenye nguo mpya na wali. Siwalaumu, maana hata sisi wazee tumeyafupisha hivyo. Lakini Majilio yana macho mawili. Jicho moja linatazama nyuma, kwa mtoto aliyezaliwa Bethlehemu. La pili linatazama mbele, kwa Bwana atakayerudi. Hilo la pili ndilo tunalolizungumza kidogo mno majumbani, na tukilizungumza, mara nyingi tunalizungumza kwa kutishana.

Nataka niwasimulie habari za watu waliolingoja jambo hilo kwa furaha, na habari za watu walioibiwa furaha hiyo. Baadhi yao waliishi mbali sana na zamani sana. Wengine waliishi ng'ambo tu ya mto wetu.

Tuanzie pale ngojeo lenyewe lilipoanza. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kwamba siku 40 baada ya kufufuka, Yesu alikuwa na wanafunzi wake kwenye mlima wa Mizeituni, karibu na Yerusalemu. Akachukuliwa juu mbele ya macho yao mpaka wingu likamficha. Wakabaki wamesimama, shingo juu. Hapo wakatokea watu wawili wenye mavazi meupe, wakawauliza mbona wamesimama tu wakitazama mbinguni, wakawaambia kwamba Yesu huyohuyo atarudi. Sasa sikilizeni jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Luka, aliyeandika habari hizo, anasema katika Injili yake kwamba wanafunzi walirudi mjini wakiwa na furaha kubwa. Furaha! Watu wametoka kuachana na rafiki yao kipenzi, na hawajui atarudi mwaka gani. Mtu wa kawaida angerudi analia. Wao walirudi mjini wakifurahi, wakaendelea kusali, wakaanza kazi waliyotumwa.

Vijana wa kipaimara huniuliza: mbona sisi tukisikia habari za kurudi kwa Yesu tunaogopa? Nawajibu bila kuzunguka: mmefundishwa kuogopa. Mmesikia vipaza sauti vya mikutano vikitaja moto kuliko vinavyomtaja Yesu mwenyewe. Mmeona video zinazorushwa kwenye simu, za namba 666, za vita na matetemeko, na sauti nzito inayosema bado miezi michache. Hukumu ipo, sikatai. Imo katika imani ya Kanisa tangu mwanzo, na tunaikiri kila Jumapili. Lakini atakayehukumu ni nani? Ni yule aliyewaosha wavuvi miguu, aliyewashika wakoma kwa mkono wake, aliyewapokea watoto wakati wakubwa walipowafukuza. Tunamjua. Siku ya kurudi kwake hatuijui, naye alisema wazi kwamba hata malaika hawaijui. Mtu akikuletea tarehe, jua kwamba amejipa ujuzi ambao malaika hawakupewa.

Karibu mwaka 50 baada ya Kristo, katika mji wa bandari wa Thesalonike, nchi ya Ugiriki ya leo, kulikuwa na kanisa changa sana. Paulo alikaa nao muda mfupi, kisha akafukuzwa mjini. Alichowaachia kilikuwa tumaini hili: Yesu anarudi. Wakalipokea kwa moyo wote, wakaanza kungoja kila asubuhi. Kisha yakawapata mambo mawili. Kwanza, baadhi yao walikufa, na waliobaki wakashikwa na uchungu wakidhani waliolala wameikosa siku ile. Pili, wengine waliacha kazi. Kwa nini mtu ajisumbue, ikiwa Bwana yuko njiani? Wakawa wanazurura nyumba kwa nyumba, wakila jasho la wenzao.

Paulo aliwaandikia barua, na barua hiyo ya kwanza kwa Wathesalonike ni miongoni mwa maandishi ya Kikristo ya zamani kabisa tuliyo nayo. Kwa wenye uchungu alikuwa mpole kabisa: hao waliolala hawataachwa, wao ndio watakaotangulia kufufuka, na wote watakuwa pamoja na Bwana. Kwa wazururaji hakuwa mpole sana. Aliwakumbusha kwamba yeye mwenyewe, mtume, alifanya kazi kwa mikono yake usiku na mchana asimlemee mtu. Na baadaye wakaandikiwa bila kificho kwamba asiyetaka kufanya kazi asitegemee chakula. Mnaona jinsi mambo hayo mawili yanavyokwenda pamoja? Wanaolia wafutwe machozi, na wavivu warudishwe kazini, vyote kwa sababu moja: Bwana anakuja.

Miaka 150 hivi ilipita. Karibu mwaka 204 alikuwapo mwandishi wa Kanisa aliyeitwa Hippolytus, aliyeishi Roma. Aliandika ufafanuzi wa kitabu cha Danieli, na ndani yake akasimulia mikasa miwili iliyotokea siku zake. Kule Siria, kiongozi mmoja wa kanisa aliwaongoza waumini wake jangwani, wanaume kwa wanawake na watoto wao, eti wakamlaki Kristo. Wakatangatanga milimani mpaka mtawala wa nchi akawadhania ni genge la wanyang'anyi, akakaribia kuwatumia askari. Aliyewaokoa ni mke wa mtawala huyo, aliyekuwa Mkristo, akamsihi mumewe. Kule Ponto, kando ya Bahari Nyeusi, kiongozi mwingine, mtu mnyenyekevu kabisa lakini aliyeamini ndoto zake kuliko Maandiko, aliwaambia watu kwamba hukumu itafika kabla ya mwaka kwisha. Wakayaacha mashamba yao bila kuyalima. Wengi wakauza ng'ombe zao. Mwaka ukapita. Hukumu haikuja, ila njaa ilikuja, na waliouza mali wakaonekana wakiomba chakula.

Mimi ni mkulima, na kila ninapoufikiria mkasa huu moyo unaniuma kwa ajili ya yale mashamba.

Sasa tuje kwetu. Kutoka vilima vya Kaisho ukielekea magharibi unateremkia bonde la mto Kagera, na ng'ambo yake ni Rwanda. Upande huo wa mashariki wa Rwanda, kando ya ziwa Muhazi, kuna mahali panaitwa Gahini. Pale palikuwa na misheni ya Waanglikana na hospitali ndogo. Mwaka 1928 alifika daktari kijana Mwingereza, Joe Church. Alikumbana na njaa kubwa. Watu walikuwa wakifa njiani. Kufikia Septemba 1929 alikuwa amechoka mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja, wakasoma Biblia na kusali siku mbili. Kumbukeni hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni. Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, kila mmoja akimwambia mwenzake udhaifu wake, halikuwa jambo la kawaida hata kidogo. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye akaenda Gahini kuwa mwalimu na mwinjilisti. Katika hospitali ileile alikuwapo Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa daktari, ambaye mwanzoni moyo wake ulikuwa mchungu kwa kila mtu, na baadaye akawa nguzo ya kazi yote.

Blasio alikufa kwa homa Januari 1936, kijana bado. Alikuwa amekwenda Uganda na ujumbe kwa viongozi wa Kanisa, kwamba Kanisa limelala na linapaswa kuamka. Kifo chake kiliupeleka ujumbe huo mbali kuliko maisha yake. Mwaka huohuo uamsho ukawaka Gahini, ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika. Ulivuka ukaingia Bukoba na kupenya katika makanisa ya huku, Waanglikana kwa Walutheri. Josiah Kibira, ambaye mwaka 1964 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Walutheri wa Kaskazini Magharibi, na mwaka 1977 pale Dar es Salaam akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo.

Watu hao waliitwa walokole. Kurudi kwa Yesu kulikuwa katika mafundisho yao tangu mwanzo. Waliamini kwamba anaweza kuja wakiwa hai. Je, waliacha mashamba? Hapana. Waliyoyafanya yalikuwa ya ajabu zaidi: walirudisha vitu. Mtu aliyeiba kifaa cha hospitali alikirudisha. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wa dhuluma alimswaga mpaka kwa mwenyewe. Wengine walitembea safari ndefu kwenda kuungama deni ambalo mdai mwenyewe alikuwa amekwisha kulisahau. Maofisa wa kikoloni walishangaa kuona watu wanaleta kodi waliyokwepa. Mume aliomba msamaha kwa mkewe mbele ya watu, jambo ambalo katika nchi zetu za ukoo na heshima lilikuwa zito kuliko kurudisha ng'ombe. Waliita hivyo kutembea nuruni. Walikutana kila wiki katika ushirika, wakasema ukweli wao, na mtu mmoja akishasema wenzake waliitikia kwa ule wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, unaoimbwa mpaka leo Afrika Mashariki yote na hata na watu wasiojua Kiganda.

Hapo ndipo ninapoiona furaha yenyewe. Mtu mwenye deni hamngoji mgeni kwa raha. Kila mbwa akibweka anaruka. Aliyelipa deni analala mlango wazi. Walokole waliimba kwa sababu hawakuwa na kitu cha kuficha Bwana akitokea ghafla. Wimbo haukuwatangulia; ulikuja baada ya ng'ombe kurudishwa.

Lazima niwaambie na upande mwingine, maana msimulizi anayeficha hili anawadanganya. Nchi ileile ambako uamsho uliwaka, mwaka 1994 ilikuwa na mauaji ya kimbari. Kagera, mto huu, ulibeba miili. Watu waliokuwa wakiimba katika makanisa waliua, na wengine waliuawa ndani ya makanisa hayohayo. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakaingia Ngara, na wengine wakaja kwetu Karagwe. Wazazi wenu waliwaona wakipita na magodoro kichwani. Walikuwapo walokole waliokufa wakiwaficha majirani, na wapo waliojitia kimya. Tumaini la kurudi kwa Yesu halirithiwi kama shamba la migomba. Babu akiwa nalo, mjukuu anaweza kuwa hana kitu ila nyimbo.

Askofu mmoja wa uamsho huo ningependa mlijue jina lake: Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliyewahi pia kufundisha shule hapa nchini kwetu, Dodoma. Februari 1977 Idi Amin alipokuwa akitawala, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Marafiki wakamwonya Kivengere kwamba anayefuata ni yeye. Yeye na mkewe Mera wakatoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu mpaka wakavuka kuingia Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitamka kwamba anampenda Idi Amin. Watu walimuuliza kama amerukwa na akili. Alijibu kwamba alipotazama msalaba aliona Yesu akiwasamehe waliompigilia misumari, na yeye hana ruhusa ya kufanya kinyume. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia mkoani kwetu, yakachoma, yakaua, yakavunja daraja la Kyaka. Kwa hiyo sisi watu wa Kagera tunajua uzito wa alichosamehe Kivengere; hatukuusoma katika kitabu. Mtu anayeamini kwamba hakimu wa haki yuko njiani anaweza kuliweka chini panga la kisasi. Sijui njia nyingine inayompa mtu nguvu hizo.

Kisha kuna habari ya Kanungu, na hii naieleza polepole.

Kanungu ni wilaya ya kusini magharibi mwa Uganda, si mbali sana na sisi kwa anayekatiza milima. Kulikuwa na kikundi kilichojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walifundisha kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Wafuasi waliuza mashamba, mifugo na nguo zao, wakapeleka fedha kwa viongozi. Walizuiwa kuzungumza ovyo. Wengi waliwasiliana kwa ishara za mikono. Walifunga kula, wakafanya kazi mpaka kuchoka. Januari 2000 ikaingia na jua likachomoza kama kawaida. Watu wakaanza kunong'ona, wakataka mali zao. Wakapewa tarehe nyingine. Ijumaa tarehe 17 Machi 2000 walikusanyika katika nyumba yao ya sala, milango na madirisha vikafungwa, moto ukawashwa. Walikufa mamia, watoto wengi wakiwamo. Baadaye polisi walifukua miili mingine iliyozikwa chini ya nyumba za viongozi. Na msidhani hayo ni ya zamani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Humo pia kulikuwa na watoto wa umri wenu, na wadogo kuliko ninyi.

Wale waliokufa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliompenda Mungu, na mapenzi hayo yakashikwa na mikono mibaya. Tofauti kati ya Gahini na Kanungu haikuwa katika kuamini kwamba Yesu anarudi. Wote waliamini hivyo. Gahini mtu aliambiwa arudishe ng'ombe wa jirani. Kanungu mtu aliambiwa auze ng'ombe wake amletee kiongozi. Gahini watu walisema yote hadharani. Kanungu walifungwa midomo. Gahini hospitali ilibaki wazi, na kungoja kukawafanya wauguzi wawapende wagonjwa zaidi. Kwa hiyo ukimsikia mtu, hata akiwa na sauti tamu na Biblia kubwa, anakutaka uache shule, uache dawa, uwafiche wazazi, ukabidhi shamba, ukae naye porini kungoja siku aliyoitaja, usibishane naye. Ondoka. Nenda kwa mzazi, kwa padri, kwa mchungaji, kwa mwalimu, kwa mwenyekiti wa kijiji, na useme kwa sauti.

Haki inanitaka niwataje pia Wasabato, maana jina lao kamili, Waadventista, linabeba ngojeo hili. Walitokana na watu wa Marekani waliomngoja Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, siku iliyopigiwa hesabu na wafuasi wa mkulima aliyeitwa William Miller. Alfajiri ya tarehe 23 walilia sana. Wengi waliacha imani. Kikundi kimoja kilirudi kwenye Maandiko, kikaacha kupanga tarehe nyingine, na mwaka 1863 kikaanzisha kanisa. Wamisionari wao walifika Tanzania mwaka 1903, milima ya Upare, na baadaye wakajenga shule, na hospitali kama ile ya Heri kule Kigoma. Watu wanaoamini Bwana yu karibu kabisa, wanachimba msingi wa hospitali! Mtu asiyewaelewa anaona wanajipinga. Mimi naona wamejifunza.

Jambo la mwisho linahusu makaburi, nalo ni la kwetu kabisa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa hapa mkoani Kagera. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuzika. Kulikuwa na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Babu wa miaka 70 alishika tena jembe kulisha watoto sita. Wakati huo swali la Wathesalonike lilirudi katika kila kijiji: na hawa waliolala, je? Wengine walijibiwa kwa laana, eti ni adhabu. Lakini walikuwapo wanaushirika waliokuja na magunia ya ndizi, wakachimba kaburi, wakapika, wakalala msibani, na wakati wa kushusha jeneza wakaimba. Waliimba huku wakilia. Mimi nimejifunza hapo kuliko katika mahubiri yoyote kwamba furaha hii si kicheko. Inaweza kusimama kando ya shimo, macho yakiwa mekundu, ikasema huyu tutamwona. Watoto wale waliolelewa na bibi zao leo ni walimu wenu na wauguzi. Wengine ndio wazazi wenu.

Basi mnaniuliza, na swali ni zuri: kama tunaomba aje upesi, mbona tunapanda mibuni? Mbuni unakaa miaka mitatu hivi kabla ya kukupa mavuno ya kwanza, na mibuni mingine ya Kagera ina umri mkubwa kuliko wangu. Je, anayeipanda hasadiki anachokiomba? Anasadiki. Shamba ni la Bwana, na mwenye shamba akirudi hachukizwi kumkuta kibarua wake katikati ya tuta. Ila kuna kahawa moja asiyoweza kuikuta mikononi mwetu bila kuuliza: ile ya butura. Mnajua butura. Jirani ana mgonjwa au ada ya shule imembana, kahawa yake ikiwa bado maua. Unampa fedha kidogo, msimu ukifika unachukua gunia zima. Serikali imeikataza mara nyingi, na bado inafanyika jioni jioni. Kijana akiniambia anamngoja Yesu, simuulizi anajua nini kuhusu kitabu cha Ufunuo. Namuuliza kama nyumbani kwao wana kahawa ya butura, na kama ipo, itarudishwa lini.

Majilio ya mwaka huu tutafanya hivi. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, tutakwenda kuwaona wagonjwa katika hospitali ya Isingiro, kila mmoja na ndizi mbili tatu. Mwenye kitabu, jembe au fedha ya mtu aje navyo mkutano wa vijana wa Jumatano, na hatutacheka. Na Jumatatu njooni shambani kwa yule bibi wa bondeni, ambaye wajukuu wake wako mjini. Miche imo kitaluni. Mashimo ni futi mbili kwa futi mbili, kina hivyohivyo. Udongo wa juu mweke upande mmoja na wa chini upande mwingine, tuchanganye na samadi, tuyaache mpaka mvua za Machi. Majembe ya ziada ninayo mimi. Anayejua kuimba aanzishe.